Nicolas Cage na haki ya kupayuka

Filamu ya Peggy Sue Got Married ilipotoka mwaka 1986, mwigizaji wake mkuu wa kiume alikuwa kijana wa miaka 22 aliyepewa nafasi ambayo wenzake wote wangeiombea dua. Mwongozaji alikuwa baba yake mdogo, Francis Ford Coppola, yuleyule wa The Godfather. Mhusika alikuwa Charlie, mtanashati wa shule, mpenzi wa mwanamke anayechezwa na Kathleen Turner. Alichotakiwa kufanya ni kuvaa vizuri, kutabasamu na kupendeza. Nicolas Cage akaamua Charlie aongee kwa sauti nyembamba ya puani, aliyoiiga kwa Pokey, yule farasi wa udongo kwenye vipindi vya watoto vya Gumby. Watu wa studio walitaka afukuzwe. Turner alikereka na hakuficha. Baba mdogo akamkingia kifua, kazi ikaisha, na mpaka leo ukiitazama filamu hiyo na watu wawili, mmoja atakwambia yule kijana ndiye aliyeiharibu na mwingine atakwambia bila yeye asingekumbuka chochote.

Mimi ni huyo wa pili. Nimekuwa huyo wa pili kwa filamu nyingi kiasi kwamba rafiki zangu wamenizoea. Likitoka tangazo la filamu mpya ya Cage wananitumia, na chini yake vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wanadhani nampenda kwa kejeli, vile watu wanavyopenda wimbo mbovu. Sivyo. Nadhani ni mwigizaji mkubwa, na nadhani sababu wanazotoa watu za kumcheka ndizo hasa sababu za kumheshimu. Si filamu zake zote, hilo nitalifikia. Lakini nianze na mahali nilipomjulia.

Nilimwona kabla sijajua anaitwa nani. Ilikuwa kwenye vibanda umiza vya Morogoro, enzi za deki na kanda zilizochakaa, mabenchi ya mbao, joto, na mtu mlangoni anayekusanya hela na kufukuza watoto wanaochungulia. Kibanda umiza kina sheria zake. Kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi, labda filamu iwe ya Kihindi na mama yake awe karibu wa kumlilia. Adui ana cheko lake na mavazi yake, unamjua akiingia tu. Hakuna aliyekuwa akiuliza kama jambo fulani linaweza kutokea kweli. Tuliuliza kama linasisimua. Na zile kanda zilizotafsiriwa na akina Lufufu zilikuwa na tabaka jingine juu yake: sauti ya Mswahili anayemsemea Mzungu maneno ambayo Mzungu hakuyasema, kwa mikogo iliyozidi ya mwigizaji mwenyewe.

Ndani ya mazingira hayo ikaingia Face/Off, ya mwaka 1997, mwongozaji John Woo kutoka Hong Kong, mtu ambaye filamu zake za huko nyumbani kwake tulishazoea. Cage ni Castor Troy, gaidi. Kwenye mojawapo ya vipande vya mwanzo amevaa kanzu ya padri, ametoka kutega bomu ndani ya jengo la mikutano la Los Angeles. Mtu mwenye akili angetoka haraka aende zake. Yeye anakuta kwaya inaimba, anaingia katikati yao, anatupa mikono, anatikisa kichwa kama aliyepandwa na mashetani, macho yamemtoka. Banda zima lilisimama. Huyu sasa ndiye adui, watu walisema, adui kamili, na bado dakika ishirini hazijaisha.

Halafu filamu ikatufanyia hila. Askari wa FBI, Sean Archer, anayechezwa na John Travolta, anakubali kufanyiwa upasuaji na kuvishwa uso wa Castor aliyezimia, ili aingie gerezani kumchimba ndugu yake Castor siri ya bomu. Castor anazinduka bila uso na anajitwalia uso wa Archer. Kuanzia hapo Cage anacheza mtu mwema aliyenaswa ndani ya uso wa adui, na Travolta anacheza adui. Kibandani kulizuka zogo la kweli: stelingi ni yupi? Kuna waliokuwa wanamshangilia Travolta kwa mazoea na waliokuwa wanawanyamazisha.

Kipande nilichokuja kukitafuta tena ukubwani ni kile cha gerezani. Archer, akiwa na uso wa Castor, anashambuliwa na mfungwa mmoja na lazima awathibitishie wengine kwamba yeye ni yule jambazi wanayemjua. Anamshindilia yule mtu ngumi, halafu anageukia umati na kupiga kelele kwamba yeye ni Castor Troy. Mdomo unacheka, wazimu uleule wa kwenye kwaya. Lakini macho yanaanza kulegea. Cheko linaenda, linakatika, linageuka kitu karibu na kilio, linarudi kuwa cheko kwa nguvu kwa sababu watu wanatazama. Mtu anajilazimisha kuwa muuaji wa mwanawe wa kiume, maana Castor ndiye aliyemuua mtoto wa Archer, na uso ule anaoupigia kelele ndio uso anaouchukia kuliko zote duniani. Yote hayo yanapita ndani ya sekunde chache, juu ya sura moja. Sasa niambie utafanyaje jambo hilo kwa kuigiza “kwa kiasi”. Ukilipunguza, linakufa.

Kwa hiyo nilipokuja kupata intaneti na kukuta dunia inamcheka Cage, nilishangaa kwa dhati. Kibandani hakuna aliyemcheka. Tulimpokea vile alivyojileta. Kumcheka ni jambo nililowaona watu wakijifunza baadaye, pamoja na imani kwamba mwigizaji mzuri ni yule anayefanana na jirani yako anaponunua mkate.

Imani hiyo ina historia yake. Filamu za Marekani, hasa tangu kizazi cha Marlon Brando katika miaka ya 1950, zilijenga heshima kubwa kwa mwigizaji anayemumunya maneno, anayejikuna, anayeonekana kama haigizi. Ni mtindo wenye mafanikio makubwa na mimi mwenyewe naupenda. Ila ni mtindo. Ukishaufanya kuwa kipimo pekee, basi kabuki, yale maigizo ya jadi ya jukwaani ya Kijapani, ni upuuzi, opera ni upuuzi, filamu za kimya za Ujerumani ni upuuzi, na nusu ya tulichokuwa tunakitazama Morogoro ni upuuzi. Mwimbaji wa taarabu akiirefusha irabu moja mpaka wanawake wanaanza kunyanyuka viti na kwenda kumtuza, hamna anayemwambia mama, watu hawaongei hivyo.

Cage alilijua hili mapema, na alilijua nyumbani. Alizaliwa Nicolas Kim Coppola, tarehe 7 Januari 1964, huko Long Beach, California. Baba yake, August Coppola, alikuwa profesa wa fasihi. Ndiye aliyemwonyesha mwanawe zile filamu za zamani za Kijerumani, Nosferatu na Caligari, zenye vivuli virefu na waigizaji waliojipinda kama miti. Mama yake, Joy Vogelsang, alikuwa mcheza dansi, na aliugua maradhi ya akili kwa muda mrefu. Jina la Coppola kijana aliliacha mwanzoni kabisa mwa kazi, baada ya wenzake kwenye filamu ya Fast Times at Ridgemont High kumtania kila siku kwa maneno ya filamu za baba yake mdogo. Akachukua Cage, kutoka kwa Luke Cage, shujaa wa vitabu vya katuni, na John Cage, mtunzi wa muziki aliyeandika kipande ambacho wapigaji hawapigi chochote. Shujaa wa katuni upande mmoja na mwanamuziki wa majaribio upande mwingine: ukitafuta maelezo ya kazi yake yote iliyofuata, mengi yamo kwenye hiari hiyo ya ujanani. Mtindo wake mwenyewe ameuita Kabuki ya Magharibi, na siku nyingine ameupa jina la kiganga ambalo hata mimi mtetezi wake naliruka.

Basi tuje kwenye Vampire's Kiss, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Ni filamu ndogo ya mwishoni mwa miaka ya 1980, mwongozaji Robert Bierman, na kibiashara ilianguka vibaya. Cage ni Peter Loew, wakala wa waandishi wa vitabu jijini New York, anayeamini kwamba ameumwa na mnyonya damu na sasa naye anageuka kuwa mmoja wao. Anaongea kwa lafudhi ya ajabu isiyo ya Marekani wala ya Uingereza, ya mtu aliyesoma akapitiliza. Wahakiki waliidhihaki. Cage ameeleza ilikotoka: ni namna baba yake profesa alivyokuwa akizungumza.

Kwenye filamu hiyo anakula mende hai mbele ya kamera. Mswada ulisema yai bichi. Mende ni wazo lake. Hicho ndicho kila mtu anakijua. Mimi navutiwa zaidi na kipande cha alfabeti. Loew yuko kwa daktari wake wa akili, analalamika kwamba kuna mkataba umewekwa faili lisilo lake. Anaeleza kwamba kupanga mafaili ni jambo rahisi, unafuata tu herufi. Kisha anazitaja. Zote. A, B, C, mkono unakata hewa, kufikia katikati ameshasimama vibaya, sauti imepanda, kila herufi na ishara yake ya mwili, mwishoni anabweka. Ni kichekesho, sikatai, nimecheka kila mara. Lakini ukikitazama mara ya pili utaona hakuna kilichoachwa kiende chenyewe. Cage alikuwa amepanga kila mkono uende wapi kwenye kila herufi. Pauline Kael, mhakiki wa The New Yorker ambaye hakuwa mtu wa kutoa sifa kwa huruma, aliliona hilo wakati wenzake wanaguna.

Na kuna jambo ambalo klipu haikuonyeshi. Mkataba ule unatafutwa na Alva, katibu muhtasi wa Loew, anayechezwa na Maria Conchita Alonso. Bosi anamfukuzia ofisini, anamfuata hadi chooni, anampandia kwenye meza, anamfuata hadi nyumbani kwao. Filamu inazidi kuwa mbaya kwake hadi inafika mahali pa kutisha kabisa. Yale macho makubwa ambayo dunia imeyafanya kikaragosi cha mtandaoni, yanamtazama yeye, binti wa kazi anayeogopa kupoteza ajira. Ukimwondoa Alva unabaki na mwehu anayechekesha. Ukimrudisha, unamwona bosi ambaye wengi tumewahi kumfanyia kazi, isipokuwa huyu hajifichi. Kelele za Cage ndizo zinazomvua nguo. Mwigizaji mtulivu angetupatia bosi mkali tu, tukamsahau.

Moonstruck, ya mwaka 1987, ni furaha tupu na haihitaji utetezi. Ni mwoka mikate mwenye mkono wa mbao, anamlilia Cher kuhusu mkono na mchumba aliowapoteza, mkono juu, na ishara yenyewe ameiazima kwenye Metropolis, filamu ya kimya ya mwaka 1927. Cher akapata Oscar. Kando yake kuna Raising Arizona ya ndugu wa Coen na Wild at Heart ya David Lynch, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1990, ambamo Cage anavaa koti la ngozi ya nyoka lililokuwa lake mwenyewe.

Wanaomdharau huwa wanasimama kwanza kwenye Leaving Las Vegas, wakisema basi hapo aliigiza, kwingine kote anacheza. Filamu ya mwaka 1995, ya Mike Figgis, fedha kidogo, imepigwa kwa filamu nyembamba ya milimita 16. Cage ni Ben, mwandishi wa filamu aliyekwenda Las Vegas kunywa mpaka afe. Ilimpa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 1996. Ila mimi sioni ukuta kati ya filamu hii na zile za kelele. Kuna kipande yuko benki. Anataka kusaini hundi, mkono unatetemeka, hawezi. Keshia anamtazama. Anatoka, anakwenda baa, anakunywa, anarudi akiwa na mkono mtulivu na ulimi uliolegea, mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko yanayohitajika mbele ya dirisha la benki. Alijirekodi akiwa amelewa na kujisikiliza. Alikuwa na mtu aliyemlipa kumfunza ulevi, mshairi mmoja aliyeujua kwa kuuishi. Ni kazi ileile ya alfabeti: umbo la mwili limechorwa kwanza, hisia ikajazwa ndani. Tofauti ni kwamba ulevi wenyewe ni mkubwa na wa kupitiliza, kwa hiyo wapenda uhalisia hawakushtuka.

Baada ya Oscar, badala ya kutafuta Oscar nyingine, akaenda kupiga risasi. The Rock, Con Air, Face/Off, tatu mfululizo ndani ya miaka miwili. Sean Penn, ambaye walianza pamoja kwenye Fast Times na wakacheza tena pamoja Racing with the Moon, alisema hadharani kwamba Cage hakuwa tena mwigizaji bali mtumbuizaji. Miaka mingi baadaye Ethan Hawke akasema kinyume chake, kwamba tangu Brando ni Cage peke yake aliyeleta kitu kipya kwenye sanaa ya kuigiza. Sijui kwa nini Penn alidhani kutumbuiza ni tusi.

Ipo filamu moja ambayo kwa upande wetu huu wa dunia inanigusa kwa namna nyingine: Lord of War, ya mwaka 2005, ya Andrew Niccol. Cage ni Yuri Orlov, mchuuzi wa silaha. Anafungua kwa kusimama kwenye suti, chini kumetapakaa maganda ya risasi, anatuambia kwamba duniani kuna silaha moja kwa kila watu 12, na swali linalobaki ni jinsi ya kuwauzia wale 11. Anaongea kama wakala wa bima. Hapa hapigi kelele kabisa, na kutopiga kelele kwake kunatisha. Anauza Liberia, anauza popote. Kwa mtu aliyekulia nchi ambayo Kigoma yake ilijaa wakimbizi wa vita vya Burundi na Kongo, ambaye aliisikia kambi ya Nyarugusu redioni kabla ya kuijua ramani, kumwona stelingi wa kibanda umiza akiwa ndiye anayeleta bunduki ni jambo lisilostarehesha. Niccol alieleza kwamba bunduki nyingi zinazoonekana humo ni za kweli, kwa sababu kuzipata za kweli kulikuwa nafuu kuliko kutengeneza za bandia. Sentensi hiyo ni filamu nyingine kabisa.

Sasa deni. Cage alipata fedha nyingi na akazitumia kwa namna ambayo hata mshairi wa ulevi angemshauri apunguze: ngome Ujerumani, ngome Uingereza, nyumba New Orleans, na fuvu la dinosaria alilolinunua mnadani mwaka 2007 kwa dola 276,000, ambalo baadaye ilibainika liliibwa Mongolia, naye akalirudisha. New Orleans alijijengea kaburi, piramidi jeupe, bado liko pale likimsubiri. Bei za nyumba zilipoporomoka, mamlaka ya kodi ikamfuata kwa mamilioni. Tangu hapo, kwa zaidi ya muongo mmoja, akakubali karibu kila kazi. Ameeleza kwamba alikuwa akilipa madeni na pia akilipia matunzo ya mama yake, asipelekwe taasisi ya wagonjwa wa akili. Hakufilisika. Alilipa.

Mashabiki wenzangu husema kwamba hata kwenye filamu zile hakuwahi kuigiza kivivu. Cage mwenyewe husema hivyo. Siwezi kukubaliana nao. Nimeitazama Left Behind ya mwaka 2014, ambamo yeye ni rubani na watu wanatoweka duniani, na kwenye usukani mle kuna mtu anayesubiri siku iishe. Zipo nyingi za namna hiyo, jalada lake lina bastola na moto, na jina lake utalisahau kabla hujalirudisha. Ninachokubali ni kwamba kwa kufanya nyingi alijiweka mahali ambapo waongozaji wachanga wanaweza kumfikia. Waigizaji wa hadhi yake hulindwa na ukuta wa mawakala. Yeye alikuwa anapokea simu.

Wakati huohuo intaneti ilikuwa inamkatakata. Kuna mkusanyo maarufu wa vipande vyake vya kupayuka, kimoja baada ya kingine, bila kabla wala baada. Ilimkera, na ameeleza wazi kwamba hakuingia kwenye kazi hii ili awe picha ya mzaha. Mwaka 2023 akacheza Dream Scenario, profesa wa kawaida mwenye upara ambaye kwa ghafla anaanza kuonekana kwenye ndoto za watu asiowajua. Kwanza wanampenda, kisha anawatisha, na yeye hajafanya lolote. Alisema anajua kabisa hali hiyo ilivyo. Ni filamu nzuri nusu ya kwanza.

Mandy, ya mwaka 2018, ya Panos Cosmatos, ndiyo iliyowarudisha wengi. Mkata miti anafungwa na kulazimishwa kutazama mpenzi wake akichomwa moto na kundi la dini ya ajabu. Akishajinasua anaingia bafuni, na chupi na fulana yenye picha ya chui milia, anatoa chupa ya vodka iliyofichwa, anakunywa, anajimwagia kwenye vidonda, anapiga mayowe, ananyamaza, anakaa chooni, anapiga tena. Kamera haikatishi. Kwenye ukumbi watu huanza kwa kucheka, wamezoeshwa, halafu kicheko kinawaishia mdomoni maana mtu yule hasimami. Aliyewahi kukaa msibani akasikia mama aliyefiwa anavyolia hawezi kukwambia kwamba hayo yametiwa chumvi. Huzuni iliyotulia, yenye chozi moja shavuni, ndiyo niliyoiona kwenye filamu tu.

Na baada ya mayowe yote hayo, Pig. Mwaka 2021, filamu ndefu ya kwanza ya Michael Sarnoski. Cage ni Rob, aliyewahi kuwa mpishi mashuhuri wa Portland, sasa anaishi msituni Oregon na nguruwe wake anayemsaidia kunusa uyoga ghali unaoota chini ya udongo. Nguruwe anaibwa, Rob anapigwa. Watu walioenda kuitazama walijua kinachofuata: atachukua bunduki. Hachukui. Anakwenda mjini na uso uleule wenye damu, na karibu filamu nzima hanawi. Anaingia kwenye mgahawa wa kifahari, wenye vyakula vya povu na moshi, anaomba kuongea na mpishi, na anamkumbuka: alikuwa kijana wake wa jikoni zamani, alimfukuza kwa sababu alikuwa anazidisha kuiva tambi. Anamuuliza kwa upole ile ndoto yake ya kufungua baa ndogo iliishia wapi. Mpishi anacheka, anajitetea, wateja wanapenda hivi, wahakiki wanapenda hivi. Rob hapandishi sauti hata mara moja. Anamwambia tu, polepole, kwamba hawa watu wote hawamjui, na kila siku anayoamka atakuwa amepungua kuliko jana. Mpishi anabaki na tabasamu usoni na machozi yanamtoka.

Ukimya ule unafanya kazi kwa sababu ni wa Cage. Tumekaa na mtu huyu miaka 40 tukisubiri apasuke, na damu iko usoni, na hapasuki. Mwigizaji mwingine angekuwa ametulia. Yeye anazuia. Hiyo ni tofauti kubwa na inaonekana kwenye kila pumzi. Mhakiki wa filamu Roger Ebert alikuwa amekufa miaka minane filamu hiyo ilipotoka. Ni yeye aliyewahi kulalamika kwamba watu wakitaja waigizaji wakubwa walio hai hutaja De Niro, Nicholson na Pacino, na Cage hawamtaji.

Mwaka 2024 akarudi kwenye kelele. Longlegs ya Osgood Perkins iligharimu chini ya dola milioni 10 na ikaingiza zaidi ya milioni 100, na Cage humo hatambuliki: uso mweupe uliovimba, nywele ndefu, sauti nyembamba inayopanda na kushuka na kuimba katikati ya sentensi, mwuaji anayefanana na bibi kizee na mtoto kwa pamoja. Watu waligawanyika palepale, wengine wakisema ameiharibu filamu iliyokuwa inatisha vizuri bila yeye. Aliulizwa ule mwili ameutoa wapi. Akasema kwa mama yake. Mama alifariki mwaka 2021. Kwa hiyo lafudhi ya yule mwehu wa New York ni ya baba, na sauti ya huyu shetani wa Longlegs ni ya mama, na katikati yake kuna makumi ya filamu.

Ukitaka kuanza, anza na Moonstruck, utazame na mtu unayempenda. Kisha Face/Off, kwa sauti kubwa, watu wakiwa wengi. Vampire's Kiss uitazame nzima au usiitazame kabisa. Pig usiku, simu imezimwa. The Wicker Man ya mwaka 2006, ile ya nyuki, iache kwanza. Wapwa zangu wameshaninyima usingizi nayo.